Kadi Ndani ya Kopo la Magadi

Mashine haisemi uongo, Tanveer alipenda kuwaambia wateja wake, waongo ni wenye mashine. Mtu atakuletea laptop inayonuka chai ya maziwa, kisha akuapie kwa watoto wake kwamba ilizima yenyewe ikiwa mezani, haijaguswa na yeyote. Kwa miaka thelathini, katika kichumba chake cha ghorofa ya kwanza nyuma ya soko la Nakuru, alikuwa amesikia viapo vya kila aina, na hakuna hata kimoja kilichowahi kumsaidia kupata hitilafu. Kwa hiyo kila aliyeingia alipokewa na methali moja, mficha uchi hazai, aseme ukweli wote ndipo apewe kiti.

Jumanne ile aliyeingia alikuwa Nyakio wa kule Bahati, nje kidogo ya mji, mjane wa Ogada, na Tanveer akaimeza methali yake. Ogada alikuwa mpima ardhi, mteja wake wa siku nyingi, mtu wa mzaha usioisha. Miaka mitatu nyuma alijinunulia laptop ya ajabu kidogo: ubavuni haikuwa na matundu ya kawaida bali kadi nne za kuchomeka na kuchomoa, kila moja ndogo kuliko kiberiti. Moja ilikuwa ya chaji, moja ya flash, moja ya waya wa runinga, na ya nne ya kuhifadhia mafaili. Ogada aliiita suruali ya mifuko minne. Kazi za ofisi aliziweka ndani ya laptop yenyewe, na mambo ya nyumbani kwake akayatia katika ile kadi ya nne. Sasa alikuwa amekufa kwa saratani ya ini, wiki ya tano hiyo, na bado hajazikwa.

Mji mzima uliijua kesi yake. Ndugu zake walitaka kumpeleka Ugenya alikozaliwa, kwa sababu kwao mwanamume halali ugenini. Analala kwenye boma la baba yake, na anayeachwa nje ya boma huwasumbua walio hai. Nyakio naye alitaka mumewe alale Bahati, kwenye shamba walilolinunua pamoja, kando ya mtoto wao wa pekee, Abby, aliyefariki akiwa na miaka saba. Kaka mkubwa wa Ogada alikwenda mahakamani kuzuia mazishi, Nyakio akatafuta wakili, na mwili ukabaki kwenye jokofu la mochari ukiwangoja wenye akili. Tanveer, ambaye kwa dini yake kumzika maiti hata kesho ni kuchelewa, alikuwa akisikia habari hizo na kukasirika peke yake. Kuna ukatili ambao watu wema huufanya kwa upendo, na huo ndio mbaya zaidi.

Nyakio aliiweka laptop mezani, na juu yake akaiweka kadi, akiwa ameifunga ndani ya leso. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba mwezi wa kwanza Ogada alikaa mbele ya kamera ya laptop, nyumbani, yeye Nyakio akiwa amesimama nyuma ya mashine, akasema kwa kinywa chake anataka azikwe wapi. Video hiyo ilikuwa ndani ya kadi. Kesi ilikuwa inasikizwa Alhamisi saa tatu. Wakili wake, Kiarie, alikuwa amemwambia kwamba video peke yake ni sinema tu. Lazima fundi anayejulikana aitoe, kisha atie sahihi cheti cha kuonyesha ameitoaje, na cheti kimfikie Jumatano kabla ya saa sita. Shida ni kwamba kadi haionekani. Ukiichomeka, laptop inakaa tu kama haijaguswa.

"Nisipokuwa nayo, nitasema nini kwa korti?" aliuliza. "Watasema Mgikuyu anataka kubaki na maiti ndio abaki na shamba."

Tanveer alimwambia arudi kesho asubuhi. Hakumuuliza kadi ilikuwa imewekwa wapi. Mtu na msiba wake, alijiambia, unaanzaje kumhoji kama askari? Adabu hiyo ilimla nusu ya siku.

Alianza pale fundi yeyote huanzia. Aliichomeka kadi kwenye nafasi yake akasikiliza. Hakuna mlio. Akafungua orodha ya vifaa, kisha ukurasa wa diski, akaona diski ya ndani peke yake. Huenda nafasi ndiyo mbovu. Akaihamishia pale ile kadi ya flash, nayo ikaitikia papo hapo. Basi nafasi ni nzima. Akaijaribu kadi ya nne kwenye nafasi zile nyingine tatu, moja baada ya nyingine, akaijaribu na kwenye kompyuta yake mwenyewe, akapata kimya kile kile. Huenda ni mfumo uliosasishwa vibaya. Akaizima laptop, akachomoa betri, akabana kitufe cha kuwashia hadi chaji yote ikaisha, akaiwasha na kuingia ule ukurasa wa mwanzo kabisa ambao mashine huuonyesha kabla mfumo haujaamka. Hata huko kadi haikuwepo. Kwa hiyo mfumo hauna kosa, alijisemea, na nusu ya siku imekwisha kwa kumshuku asiye na hatia.

Ndipo alipofanya alichopaswa kukifanya tangu asubuhi, akalifungua ganda la kadi kwa kisu chembamba. Ndani mlikuwa na unga mweupe, umegandamana pembeni kama ukoko wa sufuria, na vidole vya shaba vya kupitishia umeme vilikuwa vimeota kutu ya kijani. Aligusa unga kwa ncha ya ulimi. Ulikuwa magadi.

Jumatano Nyakio alipofika saa mbili na nusu, Tanveer alimwonyesha ule unga. Mama wa watu alikaa chini polepole. Wiki ile ya kwanza, alieleza, nyumba ilijaa watu wa upande wa mume, na shemeji yake mkubwa alikuwa akiulizia karatasi na laptop ya nduguye kila akifungua mdomo. Akaogopa. Usiku mmoja akaichomoa kadi na kutafuta pa kuificha. Nyumba ya matanga haina pa kuficha kitu jikoni: unga unapikwa, sukari inanywewa, chumvi inatiwa kila sufuria. Lakini kulikuwa na kopo moja la Ogada mwenyewe, la magadi ya kupikia mboga ya mrenda, na katika nyumba hiyo mrenda ulikuwa wa Ogada peke yake. Sasa Ogada hayupo, ni nani atakayelifungua? Aliizamisha kadi humo, akafunika, akaliweka kopo chini ya sinki. Mvua za masika zikaja, ukuta ukatokwa na jasho, na magadi yakanywa maji yote ya ukuta.

"Ningeweka kwa Biblia," alisema. "Ila Biblia walikuwa wanaichukua kila jioni ya maombi."

Tanveer hakumlaumu. Alijilaumu mwenyewe na adabu zake, kisha akavaa miwani ya kukuzia vitu na kuinama. Aliosha kadi kwa spiriti na mswaki laini, mara nne. Njia moja ya umeme ilikuwa imeliwa kabisa, akairuka kwa uzi wa shaba mwembamba kuliko unywele, akikaza macho, maana miaka hamsini na nane si ishirini. Aliichomeka. Mara hii laptop ilitoa mlio, na Nyakio akasimama, lakini mfumo uliandika tu kwamba kuna kifaa usichokitambua, kisha kikapotea. Tanveer akajaribu tena. Kilikuja, kikapotea. Mwishowe aliweka kidole gumba juu ya chipu kubwa ya kadi na kuibana, mlio ukaja, na mara hii haukuondoka. Chini ya ile chipu, mahali ambapo mkono wa binadamu haufiki, magadi yalikuwa yameachanisha kiungo, na kidole chake ndicho kilichokuwa kikikirudisha pamoja.

"Usiniongeleshe," alisema. "Nikitoa kidole, imeenda."

Kwa mkono wa kushoto alisogeza kipanya. Folda ikafunguka, picha za shamba, risiti, wimbo mmoja wa kanisani, na video mbili. Moja ilikuwa ya Januari. Aliivuta kwenda kwenye flash yake, na wote wawili wakaitazama ile mistari ya kijani ikijaa polepole, kadi ikipata moto chini ya ngozi. Ilipokamilika aliifungua kutoka kwenye flash ili kuhakikisha. Ogada alitokea sebuleni kwake, amekonda, na kusema kwamba ana akili timamu, kwamba amezaliwa Ugenya lakini maisha yake yamekuwa Bahati, na kwamba azikwe kando ya binti yake. Kisha akaitania kamera, akiitaka imtoe akiwa mnene. Nyakio alicheka akalia, vyote pamoja, na Tanveer akahisi ile furaha ya kazi ambayo kwa miaka mingi haikuwa imemtembelea.

"Na hiyo ingine?" Nyakio aliuliza.

Nyakio hakujua kama ipo. Ilikuwa ya mwezi wa tatu, wiki moja kabla ya kifo. Tanveer aliibonyeza pale pale ilipokuwa, ndani ya kadi, ili waone ni kitu gani kabla ya kukinakili.

Ilikuwa hospitalini. Ogada alikuwa amelala kwa ubavu, laptop imewekwa kitandani karibu na uso wake, na macho yake yalikuwa ya njano. Alizungumza Kiswahili, taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache, na hakuna aliyeweza kukosa kuelewa.

"Mama Abby, nisamehe. Ile ya Januari nilisema kwa sababu ulikuwa unalia nyuma ya kamera. Sikuweza kukuona ukilia hivyo. Lakini mimi nataka niende nyumbani. Mama yangu alikufa nikiwa kazi, sikumwekea hata mchanga. Nimetaka kulala karibu yake tangu siku hiyo. Abby ako na wewe, wewe utalala na yeye. Mama hana mtu. Ambia kaka yangu anikujie."

Video ilikatika hapo. Kule sokoni mtu alikuwa akitangaza bei ya viazi vya Kuresoi kwa kipaza sauti, viazi vitamu kama asali, na sauti yake ilijaza chumba chote.

Wahenga walisema maiti haulizwi sanda. Ogada aliulizwa, akajibu mara mbili, na majibu hayakulingana. Tanveer aliutazama uso wa Nyakio na kuona kwamba haukuwa na machozi tena. Ulikuwa umekauka tu, kama wa mtu anayehesabu njia anazoweza kupita na kukuta ni moja.

"Hiyo imeingia kwa flash?" aliuliza.

Tanveer alimwambia bado.

"Na ukitoa kidole?"

Alimwambia itapotea, na hadhani itarudi. Kiungo kinazidi kuvunjika kila dakika.

Nyakio akazungumza bila kumtazama. Abby alipougua homa ya uti wa mgongo, alisema, Ogada alikuwa Kuresoi akipima mashamba ya watu, simu haishiki. Yeye Nyakio alimbeba mtoto peke yake hadi hospitali, akamrudisha maiti peke yake, akasimama peke yake wakimfukia, maana mvua ilikuwa imekata barabara na Ogada alifika siku ya tatu. Tangu hapo alimwambia mumewe jambo moja tu: huko chini hawezi kumwacha mtoto peke yake tena. Na mumewe aliitikia. Miaka kumi na mmoja aliitikia.

"Alinidanganya ndio nisilie," alisema. "Sasa anataka mimi ndio nimsemee ukweli mbele ya watu. Toa kidole, Tanveer."

Angeweza kukataa. Angeweza kuivuta video ile kwenda kwenye flash, ingechukua dakika mbili, kisha ugomvi uwe wa wenyewe na mahakama yao. Alifikiria jokofu la mochari, na mawakili wakiwa na video mbili zinazopingana, na kesi ikisukumwa hadi Septemba huku Ogada akiendelea kulala kwenye chuma. Alifikiria kwamba kumstiri maiti ni haki, popote atakapozikwa. Zote zilikuwa sababu nzuri, na hakuna hata moja iliyokuwa sababu yenyewe. Sababu ni kwamba Nyakio alikuwa hapo mbele yake, na Ogada hakuwepo. Aliye hai ana macho ya kukutazama.

Alitoa kidole. Mlio wa kushuka ukasikika, folda ikajifunga, na kadi ikawa haipo. Nyakio alimwomba ajaribu tena, ili awe na hakika kwamba imekwenda. Tanveer akabana kwa nguvu mara ya kwanza, ya pili, hata ya kumi. Mfumo haukuona chochote.

Kiarie alileta fomu ya cheti saa tano na nusu, kijana nadhifu mwenye haraka. Mahali palipoandikwa kilichopatikana, Tanveer aliandika: video moja. Wakili alimuuliza kwa desturi tu kama kadi ilikuwa na lingine la kuhusu kesi. Tanveer alisema kadi imekufa, jambo ambalo lilikuwa kweli, akatia sahihi.

Alhamisi hakwenda mahakamani. Alisimuliwa baadaye kwamba video ilichezwa mara mbili, kwamba kaka mkubwa wa Ogada, mstaafu wa reli, alisikiliza akiwa ameshika kofia yake magotini, na kwamba iliposimama alimwambia wakili wake waache, hawatapinga tena. Jaji akampa mjane mwili. Jumamosi walimzika Bahati kwa mvua nyembamba. Tanveer aliwaambia watu kwamba ana mzigo wa kupokea, akakaa dukani peke yake akipanga skrubu ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Jumatatu saa nne mlango uligongwa, na mzee mrefu akaingia akiwa ameshika kofia. Alijitambulisha, ingawa hakukuwa na haja. Alikuwa na uso wa Ogada, ulioongezwa miaka kumi na kunyang'anywa mzaha. Alikataa kiti. Alisema anasafiri mchana kurudi Ugenya na hakutaka kuondoka kabla ya kumshukuru fundi.

"Sisi tulikuwa tunasema huyu mama ni mwongo," alisema. "Nimemtusi mbele ya watu wake, karibu nimpige. Kama si wewe, ningekufa na hiyo dhambi. Jumamosi nimemwomba msamaha kwa kaburi. Alinyamaza tu, lakini nimeomba."

Tanveer alisema pole, mzee.

Mzee alieleza kwamba nyumbani walikuwa wamekwisha safisha mahali, kando ya kaburi la mama yao, na wazee hawataacha kuuliza kwa nini gari limerudi tupu. Yeye si mtu wa maneno mengi. Aliona heri awawekee video ile wasikie wenyewe kwamba ni Ogada aliyewakataa na si mtu mwingine, ndipo jambo hilo liishe. Alitoa flash mpya mfukoni, bado kwenye karatasi yake, akaiweka mezani.

Tanveer aliichomeka. Kompyuta ikaiona mara moja, kama zinavyoonekana zile zote ambazo hazina kitu cha kusema. Alianza kuinakili video ya Januari, na mzee akawa amesimama nyuma yake akitazama mstari wa kijani ukijaa, akipumua polepole.

"Fundi," alisema, "wewe ndio uliona yote iliyokuwa ndani. Hakuna mahali alitaja mama? Hata neno moja tu? Iko hivi, mimi nilikuwa mkubwa lakini yeye ndio alikuwa mtoto wa mama. Nashindwa kuamini alimsahau."

Mstari ulifika mwisho. Tanveer aliitoa flash, akageuka na kiti, na kumpa mkononi.

"Hakuna, mzee."

Mzee aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu na kukuta ni ile ile aliyoiogopa. Aliipokea flash kwa mikono miwili, akashukuru tena, akavaa kofia yake na kushuka ngazi, akishika ukuta.